Mwalimu wa Mayai

Mafuta aliingia katika biashara ya ndege akiwa ametumwa uzi. Uzi wenyewe ulikuwa wa bluu, wa dada yake mshonaji, na dada alikuwa amemwandikia rangi hiyo kiganjani, kwa kuwa mdogo wake huyu alikuwa na kipaji cha kutoka na pesa ya kitu kimoja na kurudi na hadithi ya kitu kingine. Jina alilopewa na wazazi lilikwisha kusahaulika. Mtaani walimwita Mafuta, maana maneno yake yalipenya popote bila kukwaruza.

Asubuhi hiyo dada alikuwa amempa na kitu kingine zaidi ya pesa ya uzi. Alikuwa amempa mwezi mmoja.

"Mdogo wangu," alisema, pini akiwa amezibana midomoni, "miaka mitatu unalala kwenye kochi langu. Nakupenda, na kochi nalipenda. Nionyeshe kazi moja tu ya halali uliyoianza ukaimaliza. Usiponionyesha, mwisho wa mwezi mmoja wenu anatoka, na kochi halina miguu ya kwenda popote."

Tuseme ukweli, kochi lile kwa Mafuta halikuwa kiti. Lilikuwa makao makuu. Lilikuwa la kijani, limebonyea katikati kwa umbo la mwili wake, bega hapa na nyonga pale, na mipango yake yote mikubwa ilikuwa imebuniwa humo kati ya saa tatu na saa sita mchana. Kulikosa lile kochi aliliona kama kufukuzwa duniani. Hata hivyo neno "halali" lilimpita juu ya kichwa. Alichosikia ni kwamba anahitaji pigo moja la nguvu, apange chumba chake mwenyewe, anunue kochi lake mwenyewe.

Akiwa na mawazo hayo alikatiza uchochoro wa nyumba za wenye nazo, na hapo akasikia watu wazima wawili wakigombana juu ya ukuta.

Mmoja alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huyo alikuwa Mzee Mabati, muuza mabati na misumari, mtu mwenye duka lenye milango minne na subira isiyotosha hata mmoja. Ng'ambo ya ukuta alikuwa jirani yake, daktari wa meno. Wote wawili walifuga ndege kwenye mabanda ya wavu uani, na wote wawili hawakuwa na usingizi kwa sababu ya banda la mwenzake.

"Wako ni manjano matupu!" Mzee Mabati alifoka. "Mimi nina rangi zote!"

"Rangi unazo, jirani," daktari akajibu kwa upole wa mtu aliyezoea kuzungumza na wasioweza kufunga midomo. "Lakini wako wanapiga kelele. Wangu wanaimba."

Mzee Mabati alishuka kwenye ndoo akiwa mdogo kuliko alivyopanda. Mafuta, aliyechungulia kupitia upenyo wa geti, aliuona uso ule na moyo wake ukaruka kwa furaha. Uzi wa bluu ukasahauliwa hapo hapo.

Pesa ya uzi ilinunua mayai kumi na mawili ya kware, yale ya kula, yanayouzwa dukani yakiwa na madoadoa. Nyumbani, dada alipokuwa amezama kwenye cherehani, Mafuta aliyatumbukiza kwenye bakuli la siki na kuyasugua taratibu kwa kitambaa. Madoa yakatoka yote. Yakabaki mayai meupe yenye kivuli cha bluu, mayai ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuyaona, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na muda wa kufanya upuuzi kama huo. Kisha akatungua kutoka kwenye msumari wa karakana ya dada koti zuri la mteja lililokuwa likisubiri vifungo, akalivaa, akaenda kuwa Daktari wa Ndege.

"Koti safi hilo," alisema Mzee Mabati akimkaribisha uani. "Niliwahi kuwa nalo kama hilo, enzi za kiuno."

"La kazi tu, mzee wangu. Shikamoo."

Banda lilikuwa kubwa kuliko sebule ya dada. Wavu ulipanda hadi juu ya paa la nyumba, na ndani walirukaruka chiriku, kasuku wadogo wa kijani, tetere wenye haya, na kwenye kijiti cha juu kabisa kasuku wawili wekundu wakubwa, waliokaa wameegemeana kama wazee wa harusi. Mlango wa kuingilia ulikuwa milango miwili, na kati yake kikumbi cha kumtosha mtu mmoja na ndoo yake. Daktari wa meno aliwahi kupoteza chiriku wanane kwa mlango ulioachwa wazi, na Mzee Mabati alicheka siku tatu, kisha akamwita mchomelea vyuma. Milango yake ikaunganishwa kwa upau mmoja wa chuma kwa chini, na kwa upau huo mlango wa nje haukufunguka mpaka wa ndani uwe umefungwa kabisa. Hakuna ndege aliyewahi kutoka humo bila ruhusa.

Mafuta alifunua kisanduku chenye pamba.

"Mluzi wa Kifalme," alinong'ona, na jina hilo, alilolitunga njiani akikwepa dimbwi, lilimtoka kwa heshima hata yeye mwenyewe akataka kuvua kofia. "Ndege wengine, mzee, wanaimba walivyozaliwa. Huyu anaimba alivyofundishwa, tena anafundishwa akiwa ndani ya yai. Siku kumi na saba kwenye mashine ya kuangulia, na kila siku yai liimbiwe. Akitoka, huyo jirani atawaficha chiriku wake chini ya kitanda."

"Na asipotoka?"

Mafuta alishusha macho kwa huzuni kubwa. "Asipotoka, mzee wangu, ni kwamba aliyeimba aliimba vibaya. Mluzi wa Kifalme hawezi kuja duniani kwa sauti mbovu. Anaona bora afe."

Tusimame kidogo tuuheshimu mpango huu. Mayai ya kula hayatotoi. Na mayai yasipototoa, kosa ni la koo la mnunuzi. Ni mzee gani mwenye duka la milango minne atakayekwenda kushtaki kwamba yai limekataa kuzaliwa kwa sababu yake?

"Leta nione," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa mama mkwe wa Mzee Mabati, bibi mfupi mwenye funguo za banda shingoni na ufagio mkononi. Mzee Mabati ndiye aliyejenga banda na ndiye aliyejisifu nalo, lakini aliyelifagia kila siku ya Mungu, mgongo ukimuuma, ni huyu bibi. Alichukua yai moja, akalinusa. Kisha akamtazama Mafuta kuanzia kola, akashuka taratibu hadi mahali palipotakiwa kuwa na vifungo.

"Yana harufu," alisema.

"Ya usafi, Bibi."

"Mh. Usafi wa jikoni." Akalirudisha yai kwenye pamba.

Mzee Mabati tayari alikuwa anapumua haraka. "Nayachukua yote! Nalipa yakitotoa."

Mafuta alihisi ardhi inasogea. "Labda kianzio kidogo, mzee..."

"Mwanangu, mimi nauza mabati. Hajatokea mtu akanilipisha bati ambalo halijafika. Yakitotoa, taja bei."

Pengine mtu mwenye akili timamu angeaga hapo. Mafuta alikuwa ameshageuka nusu alipomwona daktari wa meno amechomoza kichwa juu ya ukuta, akiwakodolea macho wale kasuku wekundu wawili, midomo ikicheza. Mtu yule angewanunua leo, kesho, siku yoyote, bila kuuliza wametoka wapi. Mpango wa pili ukazaliwa juu ya maiti ya wa kwanza. Kilichobaki ni kupata njia ya kuingia bandani na kuaminiwa.

Bibi ndiye aliyemfungulia njia. "Mkwe wangu," alisema, "wewe ukiwaimbia hao watatoka viziwi. Huyu si mtaalamu? Aimbe mwenyewe. Aje kila asubuhi."

"Wazo zuri sana, Bibi!" Mafuta alisema, akijipongeza kimoyomoyo.

"Na usiimbe umekaa, pumzi itakukatika. Imba unafagia." Akamkabidhi ufagio.

Hivyo ndivyo Mafuta alivyoanza kuamka alfajiri. Alikwangua vinyesi kwenye sinia, akaosha mabeseni matatu ya maji, akasugua vijiti vya kutulia, akakata mchicha, akageuza mayai mara tatu kwa siku kwenye mashine iliyokuwa kona ya banda chini ya paa. Siku ya kwanza aliona vyombo vya mtama vimejaa pomoni, akaketi kupumzika.

"Hayo ni maganda," Bibi alisema. "Wanamenya, wanaacha maganda juu. Chombo kimejaa na ndege wanakufa njaa. Puliza."

Mafuta akapuliza, maganda yote yakamrukia usoni. Chini hapakuwa na hata punje moja. Yeye aliyewahi kuuza magunia mangapi yaliyojaa juu tu, leo ametapeliwa na chiriku.

Tatizo lilikuwa wimbo. Mafuta alijua mmoja tu, ule aliokuwa akiuzia sumu ya panya sokoni, sumu ambayo, kwa maelezo ya panya wenyewe, ilihitaji chumvi kidogo. Aliupunguza mwendo, akafumba macho, ukawa kama wa ibada:

"Panya kwaheri, paka pumzika,
ukinunua leo, kesho utacheka."

Mzee Mabati alisimama nje ya wavu akajifuta chozi. Kasuku wekundu, ambao kwa kawaida walipiga kelele za kupasua masikio, walinyamaza wakainamisha vichwa. Kufika siku ya tano walikuwa wanamshukia begani mara tu anapoanza "Panya kwaheri". Kufika siku ya kumi aliwajua ndege wote mmoja mmoja, nani mchoyo, nani anasukuma wenzake kwenye beseni, na alimfokea kasuku mmoja wa kijani kwa tabia mbaya kama mtu anayemfokea shemeji yake. Hakupenda kujikuta hivyo. Alijikumbusha kwamba yuko kazini, maana yake kazini kwa kuiba.

Jioni alirudi kwenye kochi hoi.

"Mbona una manyoya masikioni?" dada aliuliza.

"Ofisini kuna upepo."

Dada aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu, akatoka na macho mekundu. Alisema ni vitunguu.

Siku ya kumi na saba, katikati ya asubuhi, Bibi alijifunga kanga ya kutokea. "Naenda kwa fundi kujaribu gauni," alisema. "Mashine iko kimya. Nadhani mayai yako yamekufa, Daktari. Sijui tumwambie nini mzee, maana aliyeimba ni wewe." Akaning'iniza funguo kwenye msumari na kuondoka, geti likagonga nyuma yake.

Funguo kwenye msumari! Mafuta alingoja hatua zipotee, kisha akatoa kapu lenye mfuniko alilolificha nyuma ya gunia la mtama. Hakuhitaji hata kuwakamata wale kasuku wekundu. Walimshukia wenyewe mkononi, wakaingia kapuni wakidhani kuna karanga, na hilo lilimchoma moyoni kuliko alivyotarajia. Akafunga mfuniko.

Wakalipuka. Zilikuwa kelele za mabati ishirini yanayoangushwa ngazini. Ng'ambo ya ukuta mbwa akaanza kubweka. Mafuta, jasho likimtoka, akafanya jambo pekee lililowahi kuwanyamazisha.

"Panya kwaheri," akaimba, "paka pumzika..."

Kimya. Kasuku wakatulia kama maji mtungini. Lakini nyuma ya mashine boksi la karatasi ngumu likatikisika, likapinduka, na humo wakatoka vifaranga kumi na mmoja, kila mmoja akiwa saizi ya kidole gumba, wakilia pii-pii-pii na kukimbia moja kwa moja kwenye viatu vyake.

Mayai ya kukaanga yametotoa! Mafuta alipiga hatua moja kushoto, vifaranga wakaenda kushoto. Akarudi kulia, wakarudi kulia. Siku kumi na saba walikuwa wamemsikia kupitia ganda, na sasa mama yao huyu hapa, mrefu, ana kapu.

Akakata shauri la kukimbia. Akafungua mlango wa ndani, akajitosa kwenye kikumbi, akauvuta nyuma yake. Haukufunga. Kifaranga alikuwa kizingitini. Akamsogeza kwa ncha ya kiatu, akaja wa pili. Akainama, akawachota wanne akawarudisha ndani, wakati huo wengine saba wamekwisha kuingia kikumbini na wanapanda kwenye kamba za viatu. Na mlango wa nje, shukrani kwa mchomelea vyuma, haukuwa tayari kusogea hata unyoya mpaka wa ndani ufungwe.

Akinyamaza, kasuku walipiga yowe. Akiimba, vifaranga waliobaki ndani walikuja mbio.

"Panya kwaheri... toka wewe, toka... paka pumzika... usikae hapo mwanangu nitakubana!... ukinunua leo..."

"Mbane mmoja uone," ilisema sauti ya Bibi, na kasuku nao, koo zikiwa zimewakauka kwa yowe, wakatulia kapuni.

Nje ya wavu, kwenye viti viwili, walikuwa wameketi Bibi na dada yake Mafuta. Walikuwa na vikombe vya chai. Ilionekana chai yenyewe ilikuwa imefika nusu.

"Dada?" Mafuta alisema.

"Mdogo wangu."

"Mwanao, mdogo wako, sijui nimwite nani," Bibi alimwambia dada, "alikuja kwangu na koti la zamani la mkwe wangu. Nililipeleka kwako mwenyewe litiwe vifungo. Nikasema ngoja nimuulize fundi koti langu linatembeaje mtaani na mayai."

"Na mimi siki yangu yote imekwisha," dada alidakia, "na kwenye sinki kuna maji ya kahawia. Tukakaa, tukaweka hadithi zetu pamoja."

"Mayai yangu..." Mafuta aliwatazama vifaranga.

"Yako tuliyakaanga siku ile ile," Bibi alisema. "Yalikuwa yamechachuka kidogo. Haya niliyanunua kwa mfugaji, yenye mbegu, nikayasugua siki kama ulivyofanya; yametotoa usiku, nikawaficha kwenye boksi. Mgongo wangu umepumzika siku kumi na saba, Mungu akubariki."

"Mmenitapeli!" Mafuta alilia, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Hakuna anayeumizwa na uongo kama mtu wa fani hiyo. "Mimi! Nimefagia bure!"

"Umeianza kazi ukaimaliza," dada alisema. "Siku kumi na saba unaamka kabla yangu. Unajua nilivyokuwa na furaha? Nilijificha jikoni nalia." Kisha akanyoosha shingo. "Hilo kapu lina nini?"

Kabla Mafuta hajapata jibu, geti likafunguka kwa kishindo. Mzee Mabati alikuwa amerudi kutoka dukani. Aliwaona wale viumbe kumi na mmoja wamepanga mstari kwenye viatu vya Daktari wa Ndege, wakimwinulia vichwa, akapiga ukelele ulioangusha tetere kwenye kijiti.

"Wametotoa! Jirani! Jiraaani! Njoo uone Mluzi wa Kifalme!"

Akapanda ndoo. Kilichofuata kilichukua dakika chache. Daktari wa meno aliwaona wakimfuata mtu kwa wimbo, uso ukamsawajika kwa wivu, akataka watano. Mzee Mabati akataja bei. Mafuta, akiwa bado amekwama kikumbini, aliisikia bei hiyo. Hata kwenye kochi, hata kwenye ndoto zake bora, hakuwahi kuthubutu kumtajia mtu bei kama ile. Na mwenzake ameipata kwa ukweli mtupu wa moyo, juu ya ndoo.

"Mzee," alisema kwa sauti nyembamba, "kuhusu ile ahadi yetu..."

Bibi alilitazama kapu. Halafu akamtazama Mafuta. Kapu likakohoa.

"Hapana kitu, mzee," Mafuta alimalizia. "Nilikuwa nawapeleka hawa wawili kuota jua."

"Huyu asiondoke!" Mzee Mabati aliagiza, uso ukimng'aa kwa furaha. "Vifaranga bila mwalimu wao si watakuwa bubu? Mama, mpe kile chumba cha stoo, na mshahara."

"Nilishaona hivyo, mkwe wangu," Bibi alisema.

Mzee alipokwenda kupokea malipo ukutani, Mafuta alijisogeza kwenye wavu. "Bibi, lakini watakua. Baada ya wiki sita kila mtu ataona ni kware!"

"Ataona," Bibi alikubali, akimalizia chai. "Na mtu wa kumweleza atakuwa wewe, kwa maana utakuwepo. Una wiki sita za kutafuta maneno. Si unayo mengi?"

Mafuta aligeuka kwa dada, tegemeo lake la mwisho. "Mimi narudi nyumbani. Kazi nimemaliza, umesema mwenyewe. Kochi ni langu."

"Ni lako kabisa," dada alisema, akamwonyesha kwa kidole.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani, kati ya gunia la ulezi na ngazi, lilikuwa limekaa kochi la kijani, limebonyea katikati, bega hapa na nyonga pale. Mkokoteni ulikuwa umelileta asubuhi hiyo, yeye akiwa nyuma ya banda anakwangua sinia.

Alipotolewa kikumbini, Mafuta aliwarudisha kasuku wekundu kwenye kijiti chao, akaenda akajilaza. Kochi lilimpokea kama zamani. Akajiapiza kutoroka kesho. Kesho hapana, kesho ni siku ya kuosha mabeseni, na yule kasuku wa kijani asiposimamiwa anawazamisha wenzake. Keshokutwa, basi. Vifaranga sita walikuwa wameshapanda juu ya kifua chake, wakilia pii-pii, na kabla hajajua anafanya nini midomo yake ilikuwa imeanza, polepole, "Panya kwaheri..."

"Mwalimu!" daktari wa meno aliita juu ya ukuta. "Inua sauti kidogo! Wangu watano hawasikii!"

Mafuta akafumba macho, akavuta pumzi, akainua sauti.